Je, niongeze safu ya dini kwenye daftari la wageni?

Swali: "Shikamoo mzee. Nina gesti ya vyumba tisa hapa Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Wageni wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda, na siku hizi Wasomali na Wahindi wachache. Kijiweni kwetu ubishi ni kila jioni. Wapo wanaosema Marekani walitumia akili kuzuia Waislamu, kwa kuwa magaidi tunaowasikia karibu wote ni wa dini hiyo, na kwamba Tanzania ifanye vivyo hivyo mipakani. Wapo wanaosema huko ni kuvunja Katiba. Mimi ni Mkristo, ukweni kwangu ni Waislamu, kwa hiyo hunyamaza. Nataka kujua: nchi inaruhusiwa kufanya hivyo? Inasaidia? Na je, niongeze safu ya dini kwenye daftari langu la wageni? Ya kabila tayari ipo."

Marahaba, kijana wangu. Kabla ya daftari, nianze na kijiwe, maana kuna jambo ambalo pande zote mbili za ubishi wenu zimelikosea. Kuzuia Waislamu kuliahidiwa Marekani, lakini ahadi ilipofika karatasini iligeuka kitu kingine. Nilivaa sare ya uhamiaji kwa miaka mingi kabla sijavaa joho la uwakili, na ninaposoma amri zile naona kabisa kwa nini zilibidi zigeuke.

Tarehe 2 Desemba 2015, mume na mke waliwaua watu 14 huko San Bernardino, California. Mume alikuwa mzaliwa wa Chicago. Siku tano baadaye Donald Trump, wakati huo mgombea, alitaka Waislamu wote wazuiwe kuingia nchini mwake. Kauli hiyo ndiyo iliyofika hadi Kirumba. Tarehe 27 Januari 2017, wiki moja baada ya kuapishwa, alisaini amri. Isome mwanzo hadi mwisho, hutakuta panapoandikwa kwamba Muislamu asiingie. Ilichofunga ni nchi saba: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen.

Kwa nini nchi, wakati ahadi ilikuwa dini? Wanasheria watakujibu kwa habari ya Katiba yao, na ni kweli. Mimi nitakujibu kama mtu aliyekaa dirishani na muhuri mkononi: pasipoti haina dini. Ina jina, uraia, jinsia, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Pakistan huandika dini ya mwenye pasipoti, lakini nchi za namna hiyo ni chache. Kwa hiyo ukimwambia afisa "zuia wa dini fulani", umemwambia aulize kwa mdomo, halafu aamini jibu. Mama wa watu aliyekuja kumuuguza mwanawe hospitali ya Bugando atasema kweli, arudishwe. Mwenye nia mbaya atajibu kwamba yeye ni Mlutheri, tena atakuimbia pambio.

Utasema tuangalie majina. Haya. Siku moja Mutukula, mpakani na Uganda, nilikuwa na kijana mgeni pembeni yangu anayejifunza kazi. Basi likashusha abiria, akaniletea pasipoti ya Ibrahimu fulani, baba yake Yusufu, babu yake Suleimani. Akanong'ona, "Huyu Muislamu." Yule bwana alikuwa mwinjilisti, begi limejaa Biblia za Kihaya. Nawe unaishi Usukumani: Kulwa, Doto na Shija wanakwambia nini kuhusu mtu zaidi ya kwamba kwao walizaliwa mapacha?

Basi dini ikishindwa kuandikika, mtawala hushika kilicho karibu nayo, yaani nchi. Hapo matokeo yanakuwa ya ajabu. Siku moja baada ya amri ile, Wakristo wa Syria, wa familia moja, waliotua Philadelphia na viza zao halali walirudishwa walikotoka. Na tarehe 31 Januari 2020 orodha ilipopanuliwa, Tanzania ikaingia. Kosa letu halikuwa dini. Hoja zilizotolewa zilikuwa za nyaraka na kubadilishana taarifa. Tulichofungiwa ni ile bahati nasibu ya Green Card, kibali cha kuhamia Marekani. Mlutheri wa Bukoba na Muislamu wa Ujiji, kama wote wawili walikuwa wamebahatika mwaka ule, walikosa pamoja.

Wabishi wako watakuambia Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali. Ilikubali, lakini angalia ilikubali nini. Amri ya kwanza ilizuiwa na jaji wa Seattle ndani ya wiki moja. Ya pili, ya Machi 2017, ikaiondoa Iraq. Iliyofika mwisho wa safari ilikuwa ya tatu, ya Septemba 2017, ambayo ndani yake kulikuwa na Korea Kaskazini na Venezuela. Tarehe 26 Juni 2018 majaji watano dhidi ya wanne waliipitisha, kwa hoja kwamba sheria ya uhamiaji ya 1952 inampa rais uwezo mpana wa kusimamisha wageni, na kwamba amri yenyewe, ukiitazama usoni, inataja usalama na haitaji dini. Hawakusema dini inatosha kuwa sababu. Jaji Sonia Sotomayor, kwa upande wa walioshindwa, aliandika kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu akiangalia yaliyosemwa tangu mwanzo ataona chuki dhidi ya Waislamu ndiyo iliyoisukuma amri ile. Na katika hukumu hiyohiyo Jaji Mkuu John Roberts aliikana hadharani hukumu ya 1944 iliyobariki kuwaondoa majumbani watu wenye asili ya Japani wakati wa vita, wengi wao raia. Ilichukua miaka 74 kusema hivyo.

Joe Biden alizifuta amri hizo siku aliyoapishwa, 20 Januari 2021. Juni 2025 zikarudi kwa sura mpya: nchi 12 zilizofungiwa kabisa na 7 kwa sehemu, Burundi ikiwa miongoni mwa hizo saba. Desemba mwaka huohuo orodha ikaongezwa, na sisi tukaingia tena kwenye kundi la kufungiwa kwa sehemu. Kwa hiyo wewe na yule Mrundi anayelala chumba namba nne mko jahazi moja, hata kama kijiweni mnadhani habari hiyo inawahusu Waarabu.

Sasa, inasaidia? Hapa sitakupeleka mbali.

Wewe bila shaka unayajua makaburi ya Igoma. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikiondoka na mamia ya watu wetu. Wengi hawajui kwamba kati ya waliokufa maji siku ile alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri, aliyekuwa kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda. Alisafiri kwa jina lisilo lake, kama abiria mwingine yeyote. Hebu itazame meli ile kwa jicho la wabishi wako. Ilikuwa na Waislamu wangapi wa Bukoba, wa Kemondo, wa Mwanza, wenye ndizi zao na watoto wao? Ungewashusha wote kwa dini yao, ungewashusha wasiojua lolote ili kumpata mmoja ambaye, kama aliweza kubadili jina, angeshindwa nini kubadili dini kwenye fomu?

Baadaye wenzake walitumwa kuja ukanda huu wa ziwa kuhakikisha kama kweli amekufa. Mmojawapo alikuwa Wadih el-Hage. Huyu alizaliwa Lebanon katika familia ya Kikatoliki, akasilimu, akawa raia wa Marekani mwaka 1989. Alihukumiwa kifungo cha maisha New York mwaka 2001 kwa njama zilizohusiana na milipuko ya 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani, iliyoua zaidi ya watu 200 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Ukimchuja kwa nchi, ana pasipoti ya Marekani. Ukimchuja kwa dini ya kuzaliwa, ni Mkatoliki. Na wawili wengine waliotiwa hatiani kwa mlipuko wa Dar, Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Khalfan Ghailani, walikuwa Wazanzibari, raia wenzetu. Mpakani ungewazuia kuingia wapi, kwao?

Lakini jambo linalonikaa zaidi ni Ngara. Aprili 1994 nilikuwa afisa mdogo, nikapelekwa kule. Mwishoni mwa mwezi ule, kwa muda wa kama saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "wimbi la wahamiaji" huwa najiuliza kama amewahi kuona wimbi. Kando ya daraja palikuwa na lundo la mapanga, marungu na visu walivyoamriwa kuviacha kabla ya kuvuka. Na waliokuwa wakiviacha, wengi walikuwa na rozari shingoni. Rwanda ilikuwa, na bado ni, nchi ya Wakristo. Waislamu walikuwa kundi dogo sana, na wengi wao wanakumbukwa kwa kuwaficha majirani waliokuwa wakiwindwa. Ningepewa amri siku ile ya kupitisha Wakristo na kuzuia Waislamu, ningewapitisha waliochinja na ningewarudisha baadhi ya waliookoa.

Usinielewe vibaya. Mimi mwenyewe nimebatizwa, na wengi waliovuka pale walikuwa wakulima waliobeba magodoro na kuku, hawakumgusa mtu. Ninachosema ni kwamba dini yao haikunisaidia kumjua nani ni nani. Na hatukufaulu kuwatenga wauaji wote. Kambini Benaco viongozi wa zamani walijipanga upya mbele ya macho yetu, wakawa ndio wanaosimamia watu wao.

Tena wapo waliofika mbali kuliko Ngara. Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji wa Kiadventista, alikamatwa mwaka 1996 Laredo, Texas, alikokuwa akiishi na familia yake. Athanase Seromba, padri wa Nyange, parokia ambayo kanisa lake liliangushwa kwa tingatinga likiwa na watu zaidi ya elfu moja ndani, alikwenda kuhudumu Florence, Italia, kwa jina jingine. Wote wawili walitiwa hatiani Arusha na mahakama ya kimataifa ya Rwanda. Mchungaji na padri, hao. Mlangoni nani angewashuku? Waliwapata kwa ushahidi wa watu waliowajua: alisimama wapi, alimwambia nani nini, gari lake lilibeba akina nani.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita hivihivi, kwa sababu waoga si wajinga. Husema: kosa moja la kumpitisha mtu mbaya linaua mamia, kosa la kumrudisha mtu mwema linamgharimu tiketi, basi afadhali tukosee upande wa kufunga. Na kuingia nchi ya watu si haki ya mgeni. Hili la pili ni kweli kabisa. Kila nchi huamua nani aingie, na sheria yetu ya uhamiaji ina orodha ya watu wasiotakiwa. Tena ni kweli kwamba al-Shabaab hujipamba kwa dini, na afisa asiyetaka kujua lolote kuhusu mafundisho yao anafanya kazi akiwa amefumba macho. Mhubiri anayechochea damu azuiwe. Fedha zinazoingia kwa mgongo wa sadaka zifuatiliwe. Hata kibali cha ukaazi cha mmisionari hutolewa baada ya kuangalia taasisi inayomwalika, na hakuna anayelalamika. Huko ni kuangalia alichofanya mtu na anashirikiana na nani, na ndiyo kazi ya usalama.

Hoja ya tiketi ndiyo siikubali. Wewe uko Mwaloni, unajua kokoro, ule wavu wa kuburuta. Linakusanya kila kitu, na linakataliwa na sheria kwa sababu hiyo: linabeba vifaranga wa samaki ambao kesho ndio wangekuwa riziki. Kwenye usalama, vifaranga ni taarifa. Habari za kijana aliyeharibika huja kwanza kwa mama yake, kwa imamu wake, kwa jirani wa uchochoro ule. Ukiwaambia hao wote kwamba ni washukiwa, simu hazitapigwa. Wakenya wamelipitia hili. Aprili 2014 walifanya msako mkubwa Eastleigh, maelfu wakakamatwa na wengi kushikiliwa uwanja wa Kasarani, Wasomali hasa. Mwaka uliofuata, 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Msako wa wageni ungemkuta wapi?

Na pale Garissa wauaji walifanya nini? Waliwatenga wanafunzi, Waislamu huku, Wakristo kule. Desemba mwaka huohuo wapiganaji wa al-Shabaab walisimamisha basi la Mandera wakataka kufanya vilevile. Abiria Waislamu wakagoma kutengana na wenzao. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi katika purukushani ile na akafa mwezi uliofuata. Huwa nashangaa mtu anayetaka serikali yangu isimame mpakani ifanye mgawanyo uleule alioukataa mwalimu yule.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi na inataja dini kwa jina, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu wa kila mtu. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania imeuridhia, unasema katika ibara ya 3 kwamba mkimbizi asibaguliwe kwa rangi, dini au nchi atokayo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, ibara ya 12, unakataza kufukuza wageni kwa kundi, na makundi ya kidini yametajwa humo. Nchi zipo zinazojaribu kupita pembeni. India mwaka 2019 ilitunga sheria inayorahisisha uraia kwa Wahindu, Masingasinga, Wabuddha, Wajaini, Waparsi na Wakristo kutoka nchi tatu jirani, ikawaacha Waislamu, na maandamano yaliyofuata yaliua watu. Wakili mzuri anaweza kuitetea sheria kama ile kwao. Hapa kwetu ningependa kumwona akijaribu.

Maana hapa kwetu kuna jambo jingine. Tangu 1967 sensa yetu haijauliza dini. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walidai swali hilo lirudishwe, serikali ikakataa. Unaweza kubishana na uamuzi huo, mimi mwenyewe nimewahi, lakini ona maana yake: dola ambayo haitaki kujua raia wake wangapi wanaswali Ijumaa na wangapi Jumapili, itawezaje kumuuliza mgeni wa Mutukula? Na ikimuuliza yeye, kesho itamuuliza abiria anayeshuka boti kutoka Pemba.

Na hofu zetu za hapa ziwani, tukizikumbuka vizuri, ni za wenyeji. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje nyama uliishia kwa kuuawa kwa mchungaji. Mei 2016 hapahapa Mwanza watu watatu waliuawa wakiwa msikitini kwenye swala. Majirani kwa majirani, bila pasipoti.

Basi, daftari lako. Usiongeze safu ya dini. Haitakusaidia wewe, haitamsaidia polisi anayekuja kulikagua, na mgeni wako Msomali atahamia gesti ya jirani bila kukuambia sababu. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho, si kama anavyolitamka. Andika namba ya hati, alikotoka, anakokwenda, na simu. Kisha ipige ile simu palepale uone kama inaita. Asiyetaka kuonyesha hati, asipewe ufunguo. Aliyelala kwako Jumatatu kwa jina moja akarudi Alhamisi kwa jingine, mpigie mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi, awe amekuja na msahafu au na rozari. Vivyo hivyo aliyelipia vyumba vitatu peke yake na hataki vifagiliwe.

Hiyo safu ya kabila umeikuta kwenye madaftari ya dukani, nami nimeiona gesti nyingi. Katika miaka yangu yote kazini sikuwahi kumpata mtu kwa safu hiyo. Daftari hili likiisha, chapisha lako pale mjini, na nafasi ya kabila waambie waipanue iwe ya namba ya pasipoti. Ile ya sasa ni nyembamba mno. Wageni wako huishia kuandika nusu ya namba kwenye mstari wa mwenzao.